Tume ya Chupa ya Shkodër

Ilitangazwa rasmi, mbele ya bendera mbili na kodiani moja, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto mchanga wa mkoa wa Shkodër atakayenyonya chupa bila idhini ya wataalamu.

Tangazo alilisoma Daktari Fatbardh Kolonja, mkurugenzi wa Tume ya Lishe ya Wachanga, sauti ikimtetemeka kwa uzalendo. Alikuwa mtu wa huruma nyingi, hasa mbele ya kamera. Kipupwe chote tume yake ilitafiti kwa nini akina mama wanaacha titi na kushika chupa, ikafikia matokeo mazito: sababu ni akina mama.

"Hawana mwamko," alimwambia karani wake, Lumturi. "Andika hivyo."

"Na kile kiwanda cha viatu hapo ng'ambo, bosi? Wanaingia alfajiri, wanatoka usiku, na mlango una kufuli."

"Hayo ni mambo ya viwanda. Sisi ni lishe."

Kiwanda kilikuwa cha shemeji wa waziri, kwa hiyo kitaalamu hakikuonekana.

Jumatatu Fatbardh alikwenda na watu wa televisheni nyumbani kwa Zamira, mshonaji katika kiwanda kile cha viatu. Zamira alikuwa kazini. Daktari alimkuta mama mkwe wa Zamira, Bibi Hatixhe, amempakata mjukuu, Ylber, akimnyonyesha chupa. Akaichomoa chupa kwa upole wa kitaifa.

"Sasa nimpe nini, mwanangu?"

"Maziwa ya mama, bibi."

"Basi niletee mama."

"Chupa hii ni hatari. Tazama, mtoto anaharisha!"

"Kwani sijui? Maji yanatoka alfajiri tu. Unga wa maziwa nauzimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Usiku kucha namsikiliza kama bado anapumua. Unadhani napenda?"

Fatbardh alihisi kitu kikimsokota kifuani. Alikichunguza, akaamua ni njaa, akaenda kula byrek ya jibini.

Kesho yake asubuhi Bibi Hatixhe aliingia ofisini bila kubisha, akamlaza Ylber juu ya meza ya mkurugenzi.

"Umechukua chupa. Chukua na mtoto."

Nyuma yake walikuja mabibi wengine walionyang'anywa chupa, kila mmoja na mjukuu wake. Hadi saa tano, watoto walikuwa kwenye sofa, kwenye zulia, mmoja ndani ya droo ya mihuri. Wote wanalia. Fatbardh alimpigia simu waziri.

"Wana njaa, mheshimiwa."

"Wape mwamko," alisema waziri, akakata.

Kilio kile kilivuka barabara na kupenya madirisha ya kiwanda. Wanawake waliinua vichwa. Vifua vyao vikaitika vyenyewe, blauzi zikalowa maziwa, cherehani zikanyamaza. Mlinzi, ambaye naye alikuwa na kichanga nyumbani, alieleza baadaye kwamba kufuli lilijifungua lenyewe.

Walivuka na aproni zao, wakinuka gundi. Kila mmoja akamwokota wake. Zamira akaketi kwenye kiti cha ngozi cha mkurugenzi, akafungua kifungo, na Ylber akashika titi kama aliyetaka kulimeza. Zamira alifumba macho. Ofisi nzima ikawa kimya.

"Mkurugenzi, funga mlango, baridi inaingia," alisema Zamira.

"Niufunge nikiwa ndani au nje?"

"Nje, baba."

Mwenye kiwanda alifika akifoka kwamba amewafukuza wote.

"Sawa," Zamira alimjibu. "Viatu vya Waitaliano utashona mwenyewe. Si vinatakiwa Ijumaa?"

Bwana yule aliitazama mikono yake, laini kama siagi, akagundua kwamba siku zote alikuwa mpenzi wa watoto. Toka siku hiyo wakawa wanavuka kila vichanga wanaposhikwa na njaa, na ofisi ikabaki yao. Fatbardh aliwekewa meza kwenye korido, hatua iliyoitwa kusogeza huduma karibu na wananchi.

Baada ya wiki waziri alikuja na utepe na waandishi wa habari kuzindua mafanikio yake. Akabisha.

"Nani?" aliuliza Zamira.

"Waziri!"

"Umekuja na mtoto?"

"Hapana."

"Basi huna shughuli humu. Na usibishe tena, wamelala."

Waziri akaketi kwenye benchi kando ya Fatbardh, mkasi mkononi. Kamera zikamgeukia. Ndani, mtoto mmoja akacheua.