Kidonge cha Hofu cha Daktari Niyomugabo

Mwaka ule wa tisini na tano, Niyomugabo alisomea udaktari wa meno akiwa kwenye foleni. Katika kambi ya wakimbizi ya Ngara alimwona mgonjwa aliyekuwa akitetemeka akipewa kidonge; mgonjwa huyo akakaa benchini, kisha akaingia kwa daktari akitabasamu. Wenzake kwenye foleni waliona tiba. Niyomugabo aliona mtu ambaye ungemvua hata viatu naye akakushukuru.

Vidonge vile alivipataje, hilo tumwachie Mungu. Muda si mrefu alikuwa njia panda ya Nyakanazi, kavaa koti jeupe, mkononi kashika koleo la kufungulia nati za malori.

Windo lake lilikuwa Mama Petronila, mwenye gesti. Gego lilimvimbisha shavu, na mbele jino la dhahabu lilimeta. Aliogopa koleo kuliko jehanamu, ila aliposikia matibabu ni bure, akavuta kiti mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Ukimeza hiki, hofu yote kwisha. Utasinzia kidogo tu."

"Marahaba. Meza wewe kwanza."

"Mimi ni daktari!"

"Hata padri hunywa yeye kwanza."

Niyomugabo akatia kimoja mdomoni, akakificha chini ya ulimi.

"Fungua mdomo," akaamuru Petronila. "Inua ulimi. Haya, meza!"

Akameza. Mama akamletea chai, wakaongea habari za mvua na mihogo, mpaka kope za daktari zikalegea.

"Unaogopa sasa?"

"Siogopi kitu," akasema Niyomugabo kwa furaha. "Hata kukwambia siogopi. Nilitaka ulale, nikung'oe hilo la dhahabu."

"Hili? Hili ni shaba, mwanangu! Nalivaa ili wageni waniheshimu."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mikono. Kisha Petronila akamwita mumewe, Matiasi, aliyekuwa akipasua kuni uani.

"Baba, dawa hii ni ya kweli. Hebu sasa tulijaribie koleo lake kwenye meno yake mwenyewe."

Niyomugabo alifungua mdomo kwa hiari, akamtazama Matiasi kama mtu anayepigwa picha. Hakuogopa hata chembe.

Kuumia, lakini, aliumia. Dawa ilikuwa ya hofu, si ya maumivu. Yowe lake lilisimamisha malori njia panda.

Petronila akakitupa kidonge chake uani, akalichukua lile koti jeupe akalivaa kukinga vumbi.

"Matiasi," akasema, "toa baiskeli. Nipeleke hospitali."