Mteja Mwenye Kofia ya Kijani

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji anakuja keshokutwa! Kaka wa mke wangu, miaka kumi na mmoja ughaibuni. Anataka kufungua mkahawa hapa mjini kwetu, na anatafuta msimamizi anayejulikana na wapishi wa mji. Jumamosi nzima tule na kunywa mtaa hadi mtaa, mimi nikiongoza. Nafasi hiyo ni yangu. Nimechoka kupunguza suruali za watu.

Tatizo dogo. Kwenye simu, miaka yote hii, nimekuwa nikimwambia kwamba nikiingia mahali, sahani inanitangulia mezani. Kumbe mimi nakula cha mke wangu tu. Bakuli lenye mfuniko, saa saba kamili, pembeni ya cherehani. Lakini si uongo. Ni ukweli ambao haujapata nafasi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesali, nimezunguka. Muuza chai wa mbele ya posta, Mama Supu wa nyuma ya soko, mkaanga samaki wa darajani. Kila mmoja nimemwomba kesho anipokee kama mteja wa siku zote, aniletee "ile yangu" bila kuuliza. Malipo: aproni mpya yenye mifuko miwili.

Muuza chai alikubali huku akimimina. Mkaanga samaki, macho yamejaa moshi, aliuliza kama simu yake itaenea mfukoni. Mama Supu ndiye aliyenitazama sana. Akasema, baba, na umri huo? Kisha akauliza atanitambuaje, maana asubuhi anahudumia vichwa, si nyuso. Hapo Mungu akanifungua akili. Nikamwonyesha kofia yangu ya kijani, yenye kifungo chekundu juu nilichokishona mwenyewe. Mji mzima haina mwenzake. Nikarudi mbio kuwaonyesha na wale wawili.

Aproni zimekwisha, vidole vimekufa ganzi. Mke wangu akauliza ni za nani. Nikamjibu, za huduma.

Jumamosi, 8 Machi

Ole wangu!

Tuko mlangoni tunatoka, jua kali, mke wangu akaona upara wa kaka yake. Akanivua kofia kwa mkono wake mwenyewe, akamvisha. Eti mgeni haungui jua kwake. Nikasema kofia ina jasho. Shemeji akasema jasho la ndugu si kitu.

Posta. Muuza chai akaruka. Mzee wetu, umepotelea wapi tangu jana! Akamwekea shemeji chai ya maziwa na mkate wa siagi. Shemeji kaduwaa. Nikakohoa. Nikagusa kichwa changu kitupu. Nikakonyeza mpaka jicho likatoa machozi. Muuza chai akamuuliza shemeji kwa upole, huyu mgeni wako anaumwa macho?

Kwa Mama Supu nilitangulia mbio nikamnong'oneze. Akanifokea nirudi nyuma, foleni haina mkubwa. Bila kofia mimi si mtu! Alipoiona kofia inaingia, akapiga kigelegele. Bakuli la shemeji likajaa nyama mpaka mchuzi ukakosa pa kukaa. Langu lilikuwa na mfupa, nao umekwishanyonywa na sufuria. Shemeji akaanza kulia. Kulia kabisa, leso mkononi. Alikuwa akiletwa hapa na marehemu mama yake, akasema, wala hakudhani kuna anayemkumbuka. Mama Supu akanitazama mimi, akaitazama kofia, akaelewa. Akaniongezea mfupa wa pili.

Darajani, mkaanga samaki alimkumbatia shemeji na kumshukuru kwa aproni. Njiani shemeji akaniuliza, aproni gani? Nikamwambia ndivyo watu wanavyosalimiana siku hizi.

Jioni shemeji katangaza: msimamizi hatafuti tena. Mji unaompenda hivi atarudi aishi nao, asimamie mkahawa mwenyewe. Atalala chumba changu cha kushonea. Mke wangu kalia kwa furaha. Mimi nimelia pia, kwa sababu zangu.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri yalihusu watu wenye hila. Nilimwonea huruma kinyozi wetu, yalimgusa sana.

Cherehani iko ukumbini, kila anayekwenda chooni anaipiga kikumbo. Nimeomba kofia yangu kistaarabu. Shemeji kasema ina baraka, haivui. Amelala nayo!

Lakini wakati wa sadaka nimepata wazo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshona kofia nyingine, nyekundu, kifungo cha kijani. Nimezunguka tena na aproni tatu mpya, hizi zina mfuko wa simu. Agizo ni moja: mwenye kofia ya kijani wasimjue kabisa, akae foleni, apewe mkia wa samaki. Mwenye nyekundu ndiye mwenyewe, huyo wamshangilie. Shemeji atavunjika moyo, atapanda ndege, na atanikumbuka kwa ule usimamizi. Mama Supu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, mama, safari hii nimefikiria kila kitu.

Na Mungu ni mwema! Nimefika nyumbani tu, shemeji kaiona nyekundu, kaipenda, kaomba tubadilishane. Sikubishana hata kidogo. Kofia yangu ya kijani imerudi kichwani kwangu!

Kesho tunazunguka tena sote wawili. Nimemwambia mke wangu bakuli la saa saba asiliandae. Mimi nitashibia mjini.