Miguu Yangu na Cheo cha Msimamizi

Jumatatu, 3 Machi
Duka letu la mazulia lina sharti moja: viatu mlangoni. Kwa wenzangu si tatizo. Kwangu ni kesi ya jinai! Leo mama mmoja alikuwa akipapasa zulia la sufu. Nikasogea kumhudumia. Akakunja pua, akauliza kondoo mwenyewe alikufa lini. Hakununua.
Jumamosi bosi atateua msimamizi. Tuko wawili: mimi, na mwenzangu ninayemwita Tai, kwa ile tai yake shingoni na jinsi anavyonitazama. Lazima nifanye kitu. Kuosha miguu? Si naoga kila siku! Maji yakishuka yanapita huko huko.

Jumanne, 4 Machi
Manukato ya mke wangu. Nusu chupa ndani ya soksi. Hadi saa nne, shwari. Saa sita miguu ikachemka. Duka likanuka kama bibi harusi aliyefungiwa kwenye ghala la vitunguu. Bosi kafungua madirisha yote. Tai akamsaidia. Wema wake ndio unaoniudhi!
Mke wangu akauliza nani kamaliza manukato yake. Nikasema yameyeyuka kwa joto. Nimelala sebuleni.

Jumatano, 5 Machi
Wazo safi: asubuhi nimechomeka soksi zangu za jana chini ya kiti cha Tai. Bosi akafuata harufu, akazikuta. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Lahaula! Mke wangu alizitia viraka vya gauni lake kuukuu, maua ya zambarau. Na nilizovaa zina viraka hivyo hivyo. Bosi akatazama soksi, akatazama miguu yangu.
“Wewe,” kasema taratibu, “kesho uanzie zahanati.”

Alhamisi, 6 Machi
Nilipovua viatu, tabibu alivaa barakoa ya pili juu ya ya kwanza. Ameeleza kuwa jasho lenyewe halinuki. Ni vijidudu vya kwenye ngozi vinavyolila. Soksi za nailoni na viatu vile vile kila siku, vijidudu vinanenepa. Nioshe miguu kwa sabuni hadi katikati ya vidole, nikaushe vizuri, nivae soksi za pamba, nisirudie viatu kesho yake. Nikauliza kama hakuna sindano.
“Kaka yangu, ni sabuni na taulo. Usipoona nafuu baada ya wiki mbili, rudi.”
Wiki mbili! Uteuzi ni keshokutwa!

Ijumaa, 7 Machi
Poda. Kopo zima ndani ya soksi. Sinuki! Nikazunguka duka zima kifua mbele. Saa tano Tai akauliza kwa upole nani kapita juu ya mazulia meusi. Nyayo nyeupe, toka mlangoni hadi mezani kwa bosi. Mbele ya kioo zimezunguka mara tatu.
Tai akanisaidia kupiga brashi. Akaninong'oneza kwamba naye aliteseka hivi zamani, akapona kwa sabuni na soksi za pamba. Mjanja! Anataka nimwamini.

Jumamosi, 8 Machi
Tai ndiye msimamizi. Kaniletea jozi tatu za soksi za pamba. Nimezitia mfukoni. Sivai hongo mimi!
Ila la tabibu nimelifuata: leo nimebadilisha viatu. Shemeji, mdogo wa mke wangu, alilala kwetu jana, akaacha vyake mlangoni. Vipya, vikavu, saizi yangu kabisa. Nikatoka navyo. Ajabu, kufika jioni vinanuka hata havikaribiki! Kumbe kijana wa watu ana tatizo hili na hakuna wa kumwambia. Kesho nitamketisha nimweleze, kwa upole, umuhimu wa sabuni.