Gauni la Ushahidi

Njiti alikuwa mwembamba kwa sababu moja tu, nayo ni njaa. Lakini mjanja hakosi mtaji. Siku alipomkuta Mama Hoteli kwa Fundi cherehani, akivuta pumzi kama anayetaka kuzama kisimani ili zipu ipande, Njiti alizitazama mbavu zake mwenyewe, akaona mtaji umelala hapo tangu azaliwe, haujaguswa.

"Mama, hata mimi nilikuwa hivyo," alisema kwa sauti ya kutoa pole. "Nikikaa, kiti kinaomba radhi."

"Wewe?" Mama Hoteli akamkagua juu hadi chini. "Upepo ukivuma si unashikilia mlango?"

"Ndiyo dawa hiyo, mama yangu. Nilizidisha kijiko."

Hapo akamnasa. Maana Mama Hoteli alishajaribu kukimbia asubuhi, akarudi na njaa ya watu wawili. Alijaribu kula nusu sahani, ile nusu iliyobaki ikamtia huruma. Kijiko cha dawa alikuwa bado.

Basi Njiti akapatana na Fundi, akakodi chumba nyuma ya duka lake, akavaa suti nyeupe, akaitwa Daktari. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa muhogo na tangawizi, kwa kuwa dawa isiyowasha hainunuliki. Uganga halisi ulikuwa kabatini. Kila mteja aliacha humo gauni linalombana, asilivae mpaka mwezi upite. Hilo ndilo gauni la ushahidi. Mteja akishaondoka, Fundi alilifumua ubavuni, akaachia kitambaa cha akiba ambacho kila fundi huficha ndani ya mshono, akashona upya na kupiga pasi. Shahidi akarudi kabatini amekwisha kuhongwa.

Mama Hoteli alipovaa lake likateleza lenyewe, alilia. Akaleta dada zake, akaleta mawifi, akaleta hata mkwewe ambaye walikuwa hawasalimiani.

Fundi akakumbushia fungu lake.

"Nusu kwa nusu, kaka, ndivyo tulivyosema."

"Subira, dada. Kwanza na wewe ungelamba kijiko kimoja." Njiti alikuwa akinyoosha kola. "Hicho kigoda chako kinalia. Kukaa kwako hapo mlangoni kunaniharibia biashara."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Mwanamke aliyenyamaza kwa pini ni wa kuogopwa kuliko aliyenyamaza kwa hasira. Alizitoa moja moja, akasema tu, "Lete suruali niipige pasi. Daktari hatembei na makunyanzi."

Tangu hapo suruali ikapigwa pasi kila wiki, na kila wiki kifungo kikazidi kuwa mbali na tundu lake. Utasema, si yeye aliyebuni mchezo? Ndiye. Lakini mganga hajigangi. Isitoshe alikuwa ameanza kushiba, na mtu aliyeanza kushiba ukubwani hujishuku mwenyewe kabla ya suruali.

"Dada Fundi, nimekwisha. Daktari wa kupunguza watu, mwenye kitambi, nani atamsikiliza?"

"Nilikuwa naogopa kukwambia," Fundi akasema kwa huzuni kubwa. "Juzi Mama Hoteli aliniuliza Daktari amevimba nini. Nenda ukajifiche, ufunge. Nitasema umefuata dawa. Niachie funguo na kopo la unga. Na sanduku la pesa."

"Sanduku la nini tena?"

"Ukiwa na pesa utanunua chakula, kaka. Nakujua."

Njiti akalipapasa sanduku. Akaliacha.

Alijificha kwa shangazi yake, akaishi kwa maji na kabichi ya kuchemsha. Shangazi alipika, akakataa. Akapika tena, akakataa. Mwishowe shangazi akaita majirani waje wamwombee. Njiti akarudi kuwa njiti, mashavu yakaingia ndani, na suruali bado haifungi. Akaipeleka kwa fundi wa stendi. Yule mzee aligeuza kiuno cha suruali nje, akakitazama, kisha akamtazama mwenye suruali.

"Kijana, hii imebanwa tena na tena. Humu ndani kuna kitambaa cha kumshonea mwanao kaptula. Ulimkosea fundi gani?"

Njiti alifika chumbani kwake ameshika kiuno kwa mkono. Mlangoni palikuwa na foleni, na mbele ya foleni alikuwapo Mama Hoteli.

"Mama zangu, mnaibiwa," akasema akihema. "Hampungui. Magauni yanafumuliwa."

"Tunajua, mwanangu," Mama Hoteli akamjibu. "Fundi alituambia siku ile ile ulipoondoka. Sanduku akalifungua mbele yetu, kila mtu akachukua chake, na yeye akabaki na malipo ya jasho lake. Sasa tunafumuliwa mchana kweupe, bila tangawizi. Wewe ulidhani tunataka kupungua? Tulitaka kupumua."

Njiti akamgeukia Fundi. Fundi alitoa pini mdomoni taratibu, akaitazama ile suruali iliyoshikwa mkono.

"Karibu, mteja. Panga foleni nyuma ya wenzako," akasema. "Nikuachie mshono, au bado unapungua?"