Jalada la Samaki Aitwaye Babu

Jumatatu, 3 Machi

Babu amelala ubavu. Ni samaki wa mkurugenzi, mwekundu, anaishi na konokono mmoja kwenye tangi la kioo pale mapokezi. Bosi yuko likizo mpaka Jumatatu ijayo, na samaki nimekabidhiwa mimi, karani wa masjala. Nafasi ya mkuu wa masjala iko wazi na bosi alisema anatafuta mtu wa kuaminika. Babu akinifia, kwaheri cheo!

Dada wa mapokezi naye anakitaka hicho cheo. Ameniuliza, eti kwa kupita tu, samaki ana nini. Nikasema anapumzika. Nikamwegemeza kwenye jani la plastiki, akakaa wima kabisa. Nilipotoka kunywa chai akaanguka.

Jumanne, 4 Machi

Chakula hagusi. Mama wa usafi, aliyempa hilo jina na kumlisha kila asubuhi kwa miaka saba, amemleta daktari wa mifugo bila kuniuliza. Kiherehere!

Daktari akamtazama weee. Akasema ni uzee: kifuko cha hewa tumboni kimeharibika, ngozi ya ubavuni imeanza kuwa kidonda, hatapona. Nikadokeza agandishwe kwenye friji ya jikoni. Au amwagwe chooni. Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mzazi. Akasema huko ni kumtesa. Ipo dawa ya usingizi ya kutia majini, samaki analala, haamki, hasikii kitu. Anachohitaji ni neno la mwenye dhamana.

Mwenye dhamana ni mimi. Nikasema nitalifikisha panapohusika. Sikujua ni wapi, lakini kufika mezani akili ikanijia. Nimefungua jalada!

Jumatano, 5 Machi

Jalada linazunguka. Dokezo langu ni safi: naomba maelekezo. Akisaini mwingine, mimi simo.

Afisa utumishi kaandika kwamba samaki si mtumishi, aulizwe mwanasheria. Mwanasheria hana pingamizi, ila ahusishwe msimamizi wa majengo, kwa kuwa tangi limesimama sakafuni. Msimamizi wa majengo kaandika, "Nimeona." Kaona nini, hakusema. Dada wa mapokezi kaligonga muhuri wa kupokelewa na kunirudishia huku anatabasamu. Nyoka yule.

Babu anahemea juu ya maji, mdomo wazi. Nimefunika tangi kwa kitambaa, wageni wasimwone.

Alhamisi, 6 Machi

Mama wa usafi kaingia masjala na ndoo yake. Kafunga mlango. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mwanangu, unaogopa nini? Huyu anaumia tangu Jumatatu. Hizo karatasi haziumii."

Nikamweleza kuhusu taratibu. Akaweka ndoo chini, akachukua simu ya mezani kwangu na kumpigia mkurugenzi. Kumbe ana namba yake! Mazungumzo yao hayakuzidi muda wa kufunga kiatu. Bosi akasema mzee wa watu aachwe apumzike leo hii, halafu akataka kujua kwa nini hakuambiwa siku ile ile. Nikapewa simu. Nikajikohoza mpaka akakata.

Daktari alikuja saa nane mchana. Mama akamhamisha Babu kwa bakuli, si kwa wavu, huku anamsemesha polepole, kwamba asante, kwamba amechoka, alale. Dawa ikatiwa. Mapezi yakatulia. Kisha mdomo. Daktari akangoja muda mrefu mpaka akawa na hakika.

Nililia. Naandika kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu. Siku nne nzima nilimwacha anateseka, na nilichodaiwa ni neno moja tu. Niliona haya kumtazama mama usoni. Dada wa mapokezi akanipa leso, nikaipokea.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi karudi. Kasoma jalada lote mbele yangu, kurasa kumi na nne, bila kunikaribisha kiti. Akaniomba nimwonyeshe ukurasa wenye uamuzi wangu. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Haupo.

Cheo kapewa dada wa mapokezi. Ndiye aliyempa mama ile namba. Tangi nimeachiwa mimi, bosi kasema nijifunzie hapo.

Na kweli nimejifunza, tena sana. Jalada ndilo lililoniponza. Jalada lina jina la aliyelifungua!

Mchana huu mama wa usafi kaniita. Konokono wa mle tangini amening'inia nje ya gamba, kalegea, hata akiguswa hajirudishi ndani. Anasema ni mateso yale yale, nimpigie daktari sasa hivi. Nimemwambia aondoe shaka, safari hii nimewahi. Nimeunda kamati ya watu watano, inakutana Ijumaa. Mimi si mjumbe.