Kinga ya Serikali na Mkwe wa Pazia

Jumatatu, 4 Agosti

Ubah ameamka, jua likaamka. Tulioana baada ya Idi na bado nikimwona akifunga mtandio nasahau nilichokuwa nikisema. Mke gani huyu!

Habari kubwa leo. Wakili Everline amefika kutoka Nairobi kwa ajili ya kesi ya mama mkwe, Mama Faduma. Mumewe alikuwa dereva wa ofisi ya Waamerika. Aliuawa na bomu Ubah akiwa mdogo. Waliofiwa wameshtaki huko Amerika serikali ya kigeni wanayosema iliwasaidia walipuaji. Serikali hiyo inajibu kwamba ina kinga, haishtakiwi katika mahakama ya nchi nyingine.

Jaji hajaamua. Kwanza ameruhusu maswali machache tu, ajue kama ana mamlaka ya kusikiliza kesi. Yote yanarudi kwa afisa wa ubalozi wa serikali hiyo aliyewalisha walipuaji hapa Isiolo, katika hoteli ya Mama Faduma. Alikuwa kazini, au alikuwa na mambo yake? Mama atahojiwa Alhamisi. Kesi ikitupwa sasa, hatasikia maishani mwake mahakama ikitamka nani alimuua mumewe.

Everline ameonya kwamba mtu asimfundishe shahidi la kusema. Onyo zuri, kwa watu wa kawaida.

Shida ni moja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaketi chumba kimoja. Nikimkuta sebuleni narudi kinyumenyume hadi nje. Kahin, kaka yake Ubah, ananiita mkwe wa pazia. Wivu huo.

Jumanne, 5 Agosti

Nilijitolea kuwa mkalimani. Nilipata B ya Kiingereza! Everline akasema mkalimani lazima awe mtu baki. Kahin akaongeza kwamba ningemtafsiria mama nikiwa nimegeukia ukuta. Alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye amepewa kumwendesha mama. Mimi nimepewa kugawa soda.

Soda!

Nikaenda saiba kusoma sheria mtandaoni. Nikagundua jambo ambalo nadhani hata Everline halijui: kinga ni ya serikali, mtu binafsi hana! Basi mama aseme afisa alifanya kwa tamaa zake mwenyewe, wakubwa wake hawakujua lolote. Kinga itaanguka chini pwaa. Nitakuwa shujaa wa mtaa wetu wote wa Kiwanjani.

Nikamtuma Ubah kwa mama na ujumbe huo. Aliniangalia kwa muda mrefu, macho yale! Mapenzi matupu. Akaenda. Jioni nikamtuma tena, kwa mkazo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwisha.

Nilimpelekea Everline chai nikamuuliza, kwa mfano tu, ingekuwaje shahidi akisema afisa alijifanyia mambo yake. Aliweka kikombe chini. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Aliyeshtakiwa ni serikali, si afisa. Ikiwa afisa hakuwa kazini, serikali inarudi nyumbani na kinga yake, na kesi imekufa kabla ya kusikilizwa.

Nimeiua kesi ya mama mkwe. Ya Rabi! Miezi miwili ya ndoa na tayari nimemnyima mjane haki yake.

Nilikimbia kwa mama. Ubah alikuwa ndani naye, analala huko usiku huu, na simu ameiacha kwetu. Kahin amekaa getini, anatafuna miraa. Nikamwomba ampelekee mama ujumbe kwamba aseme kinyume. Akauliza kinyume cha nini. Nikasema basi, mpe mama salamu. Akacheka, akasema salamu zangu zimejaa nyumba tangu jana, mama hana pa kuziweka.

Sikuelewa. Sikuwa na akili ya kuelewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mahojiano yalifanyika ukumbini. Mimi jikoni nyuma ya pazia, juu ya kreti ya soda, jasho tele.

Wakili wa serikali ile alikuwa kwenye skrini. Akauliza kama afisa hakuwa tu mtu mkarimu mwenye marafiki. Nikafumba macho.

Mama Faduma akasema afisa yule alihamishwa. Akaja mwingine, kwa gari lile lile la ubalozi, na dereva yule yule. Akakaa meza ile ile, akawalisha watu wale wale, na hakuna aliyemjulisha kwao. Naye akahamishwa, akaja wa tatu. Vilevile. Wakili akasema pengine wote walikuwa marafiki. Mama akamjibu: "Kijana wangu, mtu akihama, anahama na marafiki zake. Hawa walibaki hapo kama viti vya ofisi."

Wakili akasema hana swali lingine. Nikateleza, na kreti nzima ikaanguka nami. Kahin akatangaza kwa sauti kwamba huyo ni mkwe wetu, msijali.

Ubah akaja kunipangusa Fanta. Hakuwahi kufikisha ujumbe wangu hata mmoja! Kila akifika mlangoni alisema tu: Abdimajid anakusalimu. Mama amemwambia hajaona mkwe mwenye adabu kama mimi. Nililia hadharani. Alhamdulillahi! Mke gani huyu!

Ijumaa, 8 Agosti

Everline anasema jaji ataamua baadaye, lakini jana alilala usingizi mzuri. Mama mkwe ameniletea nyirinyiri, nyama kavu ya kukaangwa, kupitia Ubah. Nyumba yote inapumua.

Nimefikiri sana. Ni wazi salamu zangu ndizo zilizomtuliza mama akajibu vile. Bila mimi sijui ingekuwaje.

Everline anasema huenda wakahitaji shahidi mwingine. Nimempata! Mzee Esekon, aliyekuwa bawabu wa hoteli. Si mkwe, tunatazamana vizuri, na safari hii hakuna wa kugeuza maneno yangu njiani. Nimeshaanza kumfundisha. Anasema miaka hiyo alikuwa mbali huko Sericho akichunga ngamia.

Nimemwambia hilo ni jambo dogo.