Kanuni ya Kila Neno

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye simu na wasio na simu, kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hakuna kiumbe atakayerusha mitandaoni video fupi ya biashara isiyo na maandishi ya chini yaliyokaguliwa, yakaridhiwa na kugongwa muhuri na Idara ya Maandishi ya Chini ya Picha Mjongeo Fupi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye lango la soko, juu ya tangazo jingine lililokataza kubandika matangazo langoni.

Kanuni haikuzuka tu kama uyoga. Ilitokana na utafiti. Mheshimiwa Mkurugenzi aligundua kwamba watu wengi hutazama video bila sauti, kwa hiyo wanachokiamini ni kile wanachokisoma chini. Utafiti huo aliufanya yeye mwenyewe, katika vikao kumi na saba mfululizo, simu ikiwa chini ya meza.

Sasa katika soko hilo, chumba namba kumi na mbili, alikuwepo mama mmoja fundi cherehani, ambaye alilisoma tangazo mara mbili kisha akashika tama. Ndani ya kabati lake zilikuwa sare za shule mia tatu. Alikuwa amezishona tangu mwanzo wa mwaka, na shule zilibakisha wiki mbili kufunguliwa. Sare ni kama mkate: ikishapita asubuhi yake, hakuna wa kuigusa. Mwaka uliopita nusu ya mzigo ulimlalia, kwa sababu wazazi wa siku hizi hununua kwa macho, simu mkononi, kabla miguu haijatoka nyumbani. Mwaka huu aliapa atawafuata hukohuko kwenye simu. Mzigo ukimlalia tena, atarudisha ufunguo wa chumba na kwenda kushona viraka barazani kwa dada yake.

Fundi alikuwa na binti, mwanafunzi wa shule ya bweni aliyekuwa likizo. Ni binti mwenye adabu, akili na meno mazuri, na hatutamtaja sana kwa kuwa hana umuhimu wowote katika hadithi hii.

Binti huyo alimpiga mama yake video ya sekunde ishirini. Fundi alikaa kwenye cherehani, akashona kidogo, akainuka na shati mkononi, akalivuta huku na huku na kusema: "Njooni! Sare hizi hazichaniki. Mtoto wako atachoka yeye kwanza!" Kisha akacheka. Basi. Wakaipeleka Idarani, dirisha la tatu.

"Habari za kazi, kaka?" fundi akasalimu.

"Nzuri, mama. Namba ya fomu?"

Karani wa dirisha la tatu aliitazama video mara nne bila sauti, kama mwongozo ulivyoagiza, kisha akamwomba fundi arudie kwa mdomo alichokisema. Akaandika. Akakuna kidevu.

"Hili neno 'njooni' ni amri, mama. Mwenye mamlaka ya kuuamuru umma ni Mkurugenzi peke yake."

"Basi niwaambieje?"

"'Umma unakaribishwa, kwa kadiri utakavyoona inafaa.'"

"Kwa maneno hayo nani atatoka kwake?"

"Hilo ni suala la idara ya masoko. Hapa ni maandishi. Haya, 'hazichaniki'. Una cheti?"

"Cheti cha nini?"

"Cha kutochanika."

Fundi hakubishana. Alitoa shati kwenye mfuko, akampitishia karani upande mmoja wa shati chini ya kioo. "Vuta, mwanangu."

Karani akavuta. Akavuta tena, mguu mmoja ukutani. Mwenzake wa dirisha la nne akaja kumsaidia, akamshika kiunoni. Shati likabaki shati. Kilichovunjika ni kiti.

"Kibinafsi nimeridhika," karani akasema akihema kutoka sakafuni, "ila kiofisi sijaona kitu." Akajipangusa vumbi. "Na cherehani inasema nini?"

"Cherehani? Inashona."

"Inatoa sauti, mama. Kanuni ya Nne: kila neno na kila sauti iliyonaswa wakati wa kurekodi, iwe ya mtu, mnyama au chombo, itaandikwa yote bila kupunguzwa, hata kama baadaye itafunikwa na muziki. Imelia mara ngapi?"

Binti yake, aliyesimama nyuma kwa heshima zote, akajibu bila kupepesa: "Tika mia mbili na kumi na nne."

Karani akamwangalia kwa mapenzi ya kikazi. "Laiti watoto wote wangekuwa hivi."

Baada ya siku tisa video ilirudi na muhuri. Juu kulikuwa na jina la Idara, chini yake cheo cha Mkurugenzi, kisha kaulimbiu, kisha mwaliko wa kadiri itakavyofaa, kisha tika zote mia mbili na kumi na nne zikiwa zimepangwa kama askari wa gwaride, na mwishoni: [Kicheko cha wastani]. Maandishi yalifunika shati, mikono, cherehani na kidevu. Kilichobaki kuonekana ni paji la uso la fundi, na hilo haliuzwi.

Walioitazama walikuwa watatu: fundi, binti yake, na mtu mmoja aliyeuliza kama hiyo ni dawa ya usingizi.

Zikabaki siku tano.

"Mwanangu," fundi alisema akifunga kabati, "nenda kamwambie mama yako mkubwa asafishe ile baraza."

Binti hakwenda. Kwa sababu asubuhi iliyofuata, bila kuitwa, Mheshimiwa Mkurugenzi aliingia chumba namba kumi na mbili. Wafanyabiashara walikuwa wakinung'unika, na mtu mzima hanung'unikiwi akakaa kimya. Aliamua kutoa Video ya Mfano, ya kuonyesha jinsi kanuni inavyoinua biashara. Na kwa kuwa katika soko zima fundi peke yake ndiye aliyefika mwisho wa fomu, heshima hiyo ikamwangukia yeye.

Mkurugenzi alivaa suti iliyotoka ng'ambo, kama alivyomweleza kila aliyemsalimia na wawili ambao hawakumsalimia. Mpigapicha akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu.

"Anza kurekodi, na usikate kitu," Mkurugenzi akaagiza. "Nitainama niokote utepe wa kupimia. Wananchi waone unyenyekevu."

Akaangusha utepe. Akainama.

Suruali ikaitika.

Mpigapicha, mtu wa hekima, alisema upesi: "Simama hapohapo nyuma ya meza, Mheshimiwa, kwa mbele unapendeza! Endelea kutabasamu. Sauti si kitu, tutaweka muziki."

Aliposikia kuna muziki, Mkurugenzi akatulia. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu kuelekea kamera kama mtu anayepokea tuzo, na kwa dakika nzima akazungumza na fundi kupitia pembe ya mdomo, huku fundi amepiga magoti nyuma yake na sindano. Mtu akitazama angeapa kwamba kiongozi anatafakari maendeleo.

Jioni ikaja kazi ya maandishi. Waandishi wote wa Idara walikuwa kwenye semina ya kujifunza kuandika. Mpigapicha aliandika kwa kidole kimoja, nacho kilikuwa na plasta. Hapo akatokea raia mwema akajitolea. Raia huyo alikaa, akasikiliza sauti halisi kwa makini, akafungua Kanuni ya Nne, akaitii. Kisha mpigapicha akaweka muziki juu yake. Jina la raia huyo halikuhifadhiwa, na hajulikani mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi aliletewa video ofisini akiwa na wageni. Aliziona nyuso mbili, yake na ya meza. Aliusikia muziki, ulikuwa wa tarumbeta. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, maana vyeo vyake vilikuwa vimekwisha kula nusu ya nafasi, na miwani yake ya kusomea haivai mbele ya watu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga muhuri mwenyewe.

Utafiti wake ulithibitika siku ileile. Watu walitazama bila sauti, katika vikao, kwenye foleni, chini ya madawati. Na wananchi wana ujanja ambao Idara haikuujua: wanasimamisha video kwa kidole kimoja na kukuza maandishi kwa viwili. Chini ya tabasamu lile wakasoma:

[Sauti ya kitambaa cha ng'ambo kikichanika.]

MKURUGENZI: Nimekwisha. Mama, nishike hapo nyuma kabla hawajaona.

FUNDI: Simama wima, Mheshimiwa. Ukitikisika nitashona na nyama.

MKURUGENZI: Yule muuzaji aliniapia haichaniki!

FUNDI: Alikuwa na cheti?

MKURUGENZI: Cheti cha nini?

FUNDI: Cha kutochanika.

MKURUGENZI: Aa, mama, hayo ya vyeti ni ya kuwashughulisha watu tu. Mimi kanuni zenyewe sijazisoma. Kaandika mpwa wangu, alikuwa hana kazi.

FUNDI: Na sare zangu zioze kabatini kwa sababu ya mpwa?

MKURUGENZI: Aii!

FUNDI: Samahani, Mheshimiwa. Sindano imeteleza.

MKURUGENZI: Lakini uzi huu umeshika kweli. Umeshika kuliko ule wa ng'ambo.

[Kicheko cha wastani.]

Kufikia saa sita mchana soko zima lilikuwa na swali moja: yule mama aliyemshona Mkurugenzi anakaa wapi? Wazazi wakaja. Kila mmoja alivuta shati, akacheka, akachukua mbili. Siku ya pili kabati lilikuwa tupu, na fundi alikuwa akiandika oda kwenye kiganja kwa kukosa karatasi.

Mkurugenzi alifika dirisha la tatu kwa miguu yake, akiwa amevaa suruali nyingine.

"Ifute!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa," karani akajibu kutoka kwenye kiti kipya. "Kanuni ya Tisa: maandishi yakishagongwa muhuri hayafutwi wala kubadilishwa kwa siku tisini."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mpwa wako, Mheshimiwa."

"Basi naifuta kanuni yenyewe! Naitangaza leo hii!"

"Kwa video?"

"Kwa video!"

Karani akachukua kalamu. "Namba ya fomu?"

Mkurugenzi alipoona mlango huo umefungwa, akatafuta wa kumtupia mzigo. Akaunda kamati, akadai fundi ametunga maneno yale kumchafua. Ufunguo wa chumba namba kumi na mbili ukawekwa juu ya meza ya kamati. Ikithibitika maneno ni ya kutunga, haurudi.

Fundi alisimama peke yake mbele ya watu tisa. "Mimi nimeshona," alisema. "Sijaandika hata nukta. Lakini yaliyoandikwa yalisemwa."

"Nani aliyaandika?"

"Sijui, wazee wangu."

Kweli hakujua. Mwenyekiti wa kamati akaona njia ni moja: isikilizwe sauti halisi, bila tarumbeta. Mkurugenzi akasema hapana haja. Mpwa, ambaye ndiye katibu wa kamati, akasema kwa masikitiko kwamba Kanuni ya Kumi na Moja inalazimisha. Sauti ikafunguliwa ukumbini kwa spika mbili kubwa, madirisha yakiwa wazi na soko zima likiwa nje. Neno kwa neno, kama ilivyoandikwa. Ile "Aii!" ilisikika mpaka kituo cha mabasi, nao waliokuwa nje wakadai irudiwe.

Ufunguo ulirudi kwa mwenyewe. Mkurugenzi hakufukuzwa, la hasha. Bado yuko foleni, dirisha la tatu, na fomu ya kufuta kanuni. Mara ya mwisho alirudishwa kwa sababu tangazo lake lina kikohozi ambacho hakikuandikwa.

Na hapo hadithi ingekwisha vizuri, kila mtu mahali pake. Tatizo ni kwamba nilipokuwa naandika sentensi hiyo, fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na mkasi mkononi, akisoma.

"'Hajulikani mpaka leo'?" akauliza.

"Ndivyo kumbukumbu zinavyosema, mama."

"Na huyu mwenye meno mazuri ni nani?"

Nikafunga mdomo, nikiyaficha.

Basi nakiri. Raia mwema ni mimi. Niliandika kila neno kama lilivyosemwa, isipokuwa moja: kitambaa kikichanika hakisemi kimetoka wapi. Hilo la "ng'ambo" niliongeza mimi, kamati haikuligundua. Na siku ile ukumbini nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, nikiutazama ufunguo wa mama pale mezani. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Sikusimama. Nimewahi kuweka chura kwenye droo ya mwalimu wa zamu bila kuogopa, lakini siku ile niliogopa.

Mama aliuweka mkasi mezani. "Na zile tika mia mbili na kumi na nne, ulizihesabu lini?"

"Sikuzihesabu, mama."

Hakunipiga. Alicheka, tena kicheko hicho hakikuwa cha wastani. Kisha akamwaga ndoo nzima ya vifungo mezani, akaniambia nihesabu mia mbili na kumi na vinne kwa ajili ya oda mpya, kimoja kimoja, kwa sauti.

Nimemaliza sasa hivi. Ni mia mbili na kumi na vinne, naapa. Mama anasema nianze upya.